Vifaa janja majumbani: mlango ambao Afrika Mashariki bado haijaufunga

Hesabu vitu vilivyounganishwa na ruta moja katika nyumba ya kawaida ya Buyenzi mjini Bujumbura, Nyamirambo mjini Kigali au Majengo mjini Mombasa. Zipo simu za baba, mama na watoto. Kipo kisanduku kidogo cheusi nyuma ya televisheni, kilichonunuliwa sokoni ili familia itazame mpira na filamu bila kulipia king'amuzi. Ipo kamera juu ya geti, na aghlabu kuna kompyuta ya mwanafunzi, spika, au balbu inayowashwa kwa simu. Vifaa kumi hufika upesi bila mtu kuvihesabu. Ukiuliza ni nani katika nyumba hiyo anayejua nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, mara nyingi utaambiwa: fundi aliyekuja kuifunga. Na fundi mwenyewe hakuibadilisha. Aliiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la ndani ya nyumba ya mtu na lisilohitaji uchambuzi wa habari za nchi jirani. Hata hivyo, katika miaka kumi iliyopita vifaa vya namna hii vimetumiwa kuvuruga mawasiliano ya taifa zima la Afrika, na serikali za Ulaya zimelazimika kuvitungia sheria mahususi. Katika ukanda wetu, sheria zilizopo zinalinda taarifa za mwananchi na kumwadhibu mdukuzi, lakini hazijamuuliza mtengenezaji na mwagizaji wa kifaa swali la msingi: je, bidhaa hii inaingia nyumbani ikiwa salama?

Funzo kutoka Liberia

Mwaka 2016 ilijitokeza programu hasidi iliyopewa jina la Mirai. Haikuwa na ustadi mkubwa. Ilizunguka katika intaneti ikitafuta kamera za usalama, ruta na vinasa video, kisha ikajaribu orodha ya majina na nywila zaidi ya 60 ambazo viwanda huweka kwenye bidhaa zao zote. Kila kifaa ambacho mwenyewe hakuwahi kubadilisha nywila kilifunguka, kikatekwa, na kuingizwa katika jeshi la vifaa vinavyosubiri amri. Amri hiyo ilipotolewa, vyote vilituma maombi kwa pamoja kwenda mahali pamoja, mpaka mitambo ya upande wa pili ikazidiwa.

Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikisaidia kompyuta kuzitambua anwani za tovuti nyingi. Kwa saa kadhaa watumiaji wengi walishindwa kufungua Twitter, Netflix, Reddit na huduma nyingine. Vijana watatu wa Marekani walikiri makosa ya kuiunda Mirai mwezi Desemba 2017.

Kwetu sisi, tukio zito zaidi ni lile la Liberia. Raia wa Uingereza aitwaye Daniel Kaye, aliyekuwa akiishi Cyprus, aliunda jeshi lake mwenyewe kwa kutumia programu hiyo hiyo ya Mirai na kulielekeza dhidi ya kampuni ya simu ya Lonestar MTN. Mahakama mjini London ilielezwa kwamba alilipwa na ofisa wa kampuni shindani ili aiharibie Lonestar biashara. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa Uingereza, mwezi Novemba 2016 wingi wa mashambulizi hayo uliathiri huduma ya intaneti nchini Liberia kwa ujumla. Mwezi huo huo, jaribio lake la kuteka ruta zaidi liliwakatia mawasiliano wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani. Januari 2019 Kaye alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na miezi minane.

Funzo la kesi hiyo halihitaji ufafanuzi mrefu. Silaha iliyotumika dhidi ya mtandao wa taifa la Afrika Magharibi ilitengenezwa kwa kamera na ruta za watu wa kawaida waliosambaa duniani. Wengi wao hawakujua, na huenda hawajui mpaka leo, kwamba vifaa vyao vilishiriki. Nchi yenye njia chache za kuunganika na dunia huumia upesi kuliko nchi yenye njia nyingi, na katika ukanda wetu Burundi, Rwanda, Uganda na mashariki ya Kongo haziko baharini. Intaneti yao hupita kwa majirani kabla ya kufika kwenye nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi.

Kisanduku kinachofanya kazi mbili

Tangu wakati wa Mirai, hatari imebadilika sura. Wakati huo mdukuzi alikuwa nje akigonga milango. Siku hizi baadhi ya vifaa huja na mgeni tayari amekaa ndani.

Tarehe 5 Juni 2025 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwa umma kuhusu mtandao wa uhalifu unaoitwa BADBOX 2.0. Onyo hilo lilitaja visanduku vya kutazamia video kupitia televisheni, projekta za kidijitali, fremu za picha za kielektroniki na vifaa vya burudani vya kufungwa kwenye magari, vingi vikiwa vimetengenezwa China. Baadhi, kwa maelezo ya FBI, huwa vimeambukizwa kabla mnunuzi hajavifungua. Vingine huambukizwa wakati wa kuviandaa, mtumiaji anapolazimika kupakua programu kutoka masoko yasiyo rasmi. Mwezi Julai 2025 kampuni ya Google iliwafungulia kesi waendeshaji wa mtandao huo katika mahakama ya shirikisho mjini New York, ikisema kwamba vifaa zaidi ya milioni 10 vinavyotumia mfumo wa Android usioidhinishwa na Google vimetekwa.

Je, kifaa kilichotekwa hufanya nini? Jibu hili linamhusu moja kwa moja msikilizaji anayelipia intaneti kwa kifurushi. Pamoja na kuonyesha mpira, kisanduku hugeuzwa njia ya kupitishia mawasiliano ya watu wengine. Mhalifu aliye mbali hulipia apite humo, ili tovuti ya benki au ya duka anayoishambulia ione mgeni anayetoka katika nyumba halali ya familia. Mwenye nyumba huona bando linaisha kabla ya wakati na intaneti inakuwa nzito, akamlaumu mtoa huduma. Lililo baya zaidi ni kwamba iwapo polisi watafuatilia uhalifu huo, nyayo za kwanza watakazozikuta zitaelekea kwenye anwani yake.

Wapo wanaoamini kwamba sisi tuko salama kwa sababu wateja wengi hapa hupata intaneti kupitia laini za simu, ambapo mtoa huduma huwaweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani chache za pamoja. Ni kweli kwamba mpangilio huo humzuia mtu wa nje kuifikia kamera yako moja kwa moja. Lakini haukizuii kifaa kilicho ndani kumpigia bwana wake wa nje na kuomba maagizo. Mlango ukifunguliwa na aliyemo ndani, ukuta haufai kitu.

Kwa nini simu bandia zilizimwa na visanduku havikuzimwa

Ukanda huu si mgeni wa kupambana na vifaa visivyofaa. Mwishoni mwa Septemba 2012 Kenya iliamuru simu bandia zizimwe kwenye mitandao. Tanzania ilifanya hivyo Juni 2016, baada ya kampeni ndefu iliyowafundisha wananchi kuhakiki namba ya IMEI ya simu zao. Yalikuwapo malalamiko, lakini maamuzi hayo yalitekelezwa.

Kwa nini basi njia hiyo isitumike kwa visanduku na kamera? Sababu ni ya kiufundi. Simu hujitambulisha kwa kampuni ya mawasiliano kwa namba yake ya IMEI kila inapoungana na mnara, na kampuni ikipewa orodha ya namba zisizotakiwa, inaweza kuzikataa. Kisanduku cha televisheni hakiongei na mnara. Huongea na ruta ya nyumbani, na ruta ndiyo inayoongea na kampuni. Kwa hiyo mtoa huduma huona mteja mmoja tu, haoni vitu kumi na viwili vilivyo nyuma yake. Serikali haiwezi kukizima kifaa ambacho hakijitambulishi kwa yeyote nje ya nyumba.

Matokeo yake ni kwamba zimebaki sehemu mbili tu ambapo kifaa kibovu kinaweza kuzuiwa: bandarini kabla hakijaingia sokoni, na nyumbani baada ya kununuliwa. Hadi sasa mzigo wote umewekwa mahali pa pili, juu ya mtu mwenye maarifa madogo zaidi kuliko wote waliokigusa kifaa hicho.

Sheria zipo, lakini zinatazama upande mwingine

Haitakuwa haki kusema kwamba nchi zetu zimelala. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019. Rwanda ilifuata Oktoba 2021. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata Kanuni yake ya Dijitali Machi 2023. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, uliopitishwa Malabo mwaka 2014, ulianza kuwa na nguvu ya kisheria Juni 2023.

Sheria hizi zina thamani kubwa. Zinambana anayekusanya taarifa za watu na anayeingilia mifumo isiyo yake. Lakini zinachukulia kwamba kuna taasisi inayojulikana, yenye ofisi na ya kuwajibishwa. Kisanduku kisicho na jina la mtengenezaji, kilichopita mikononi mwa wafanyabiashara wanne kabla ya kufika dukani, hakina ofisi ya kupelekewa hati ya wito. Na ukaguzi wa vifaa unaofanywa na mamlaka za mawasiliano kabla ya bidhaa kuruhusiwa sokoni umejengwa hasa juu ya masafa ya redio, mwingiliano wa mawimbi na usalama wa umeme. Kifaa kinaweza kufuata masharti hayo yote, kisiunguze nyumba wala kuvuruga redio ya jirani, na bado kikawa na nywila inayofahamika dunia nzima.

Uingereza iliamua kulitazama tatizo kutoka upande huo mwingine. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria yake inawataka watengenezaji, waagizaji na wauzaji wa vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti kutimiza masharti matatu. Kwanza, kifaa kisije na nywila moja inayofanana kwa bidhaa zote. Pili, mtengenezaji atangaze mahali ambapo mtu anaweza kuripoti udhaifu alioubaini. Tatu, mnunuzi aambiwe kabla ya kununua ni muda gani kifaa kitaendelea kupata masasisho ya usalama. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni milioni 10 au asilimia 4 ya mapato yake ya dunia nzima.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya ustahimilivu wa kimtandao ilianza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba 2024, nayo inatekelezwa kwa hatua. Wajibu wa kuripoti udhaifu unaotumiwa na wadukuzi umewekewa tarehe 11 Septemba 2026, na masharti mengine makuu tarehe 11 Desemba 2027. Miongoni mwake ni kwamba, kwa kawaida, mtengenezaji anapaswa kukihudumia kifaa kwa masasisho ya usalama kwa muda usiopungua miaka mitano.

Hapa ndipo ukanda wetu unapopaswa kufikiri kwa makini. Soko kubwa linapofunga mlango, bidhaa iliyokataliwa haitoweki. Hutafuta soko jingine ambalo halijauliza maswali. Tumeliona jambo hilo katika magari chakavu na friji kuukuu, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kamera na visanduku vitafuata njia tofauti. Ikiwa mwaka 2028 utatukuta bila masharti, ghala zinazotafuta pa kumwaga mzigo zitakuwa na anwani yetu.

Swali la mipaka na hoja ya bei

Hakuna nchi ya ukanda huu inayoweza kulimaliza tatizo hili peke yake. Chini ya utaratibu wa himaya moja ya forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2014, mzigo unaokwenda Bujumbura, Kigali au Kampala hushughulikiwa tangu unapofika Dar es Salaam au Mombasa. Burundi ikiweka masharti yake na jirani akakosa ya kwake, kisanduku kitavuka mpaka ndani ya mkoba wa msafiri. Kwa hiyo kiwango kinachohitajika ni cha pamoja. Vyombo vya kukiandaa vipo: Jumuiya tayari ina utaratibu wa kuoanisha viwango vya bidhaa, na mamlaka za mawasiliano hukutana katika shirika la EACO lenye makao makuu mjini Kigali.

Wapinzani wa wazo hili wana hoja nzito ambayo haipaswi kupuuzwa. Kisanduku cha bei nafuu ndicho kilichoileta intaneti sebuleni kwa familia nyingi zisizoweza kununua runinga janja. Kikipandishwa bei kwa jina la usalama, watakaokosa si matajiri. Watoto wa Buyenzi wana haki ya kutazama fainali kama watoto wa mitaa yenye mabustani.

Hata hivyo, masharti yanatofautiana gharama. Kumpa kila mteja nywila tofauti iliyochapishwa kwenye kibandiko chini ya kifaa ni gharama ndogo sana kiwandani. Kuandika kwenye boksi tarehe ya mwisho ya masasisho ni wino tu. Lililo ghali ni kuendelea kukihudumia kifaa kwa miaka, na sharti hilo laweza kuja hatua kwa hatua. Tena gharama ya sasa haijafutika; imehamishwa tu. Familia inayonunua bando mara mbili kwa mwezi kwa sababu ya kifaa kinachowafanyia kazi wageni imekwisha kukilipia kisanduku chake cha bei rahisi kwa bei ya juu.

Kuna na jambo la lugha, ambalo sisi tunaotafsiri habari kila siku hatuwezi kulinyamazia. Maelekezo ya vifaa hivi mara nyingi huja kwa Kiingereza na Kichina, pengine na Kifaransa kidogo. Mtu anapoulizwa na kifaa, kwa lugha asiyoielewa, iwapo anakubali kuzima kinga ya usalama ili programu fulani ifanye kazi, atabonyeza palipo na rangi ya kijani. Huo si uzembe wake. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya na kinaeleweka kuanzia Zanzibar hadi Kisangani. Ukurasa mmoja wa maelekezo ya usalama kwa Kiswahili ndani ya boksi ni sharti linaloweza kudaiwa bandarini bila maabara yoyote.

Wakati tunasubiri

Sheria huchukua miaka, ilhali ruta inawaka usiku huu. Yapo mambo machache ambayo familia inaweza kuyafanya bila kuwa na mtaalamu.

La kwanza ni kujua kilichomo. Ruta nyingi zina ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote vilivyounganishwa. Mwombe fundi akuonyeshe, na mpe kila kifaa jina unalolielewa. Usichokitambua, kiondoe. La pili ni kubadilisha nywila mbili na si moja: ile ya waifai, na ile ya kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe, ambayo wengi huisahau. Ziandike katika daftari linalokaa nyumbani, zisibaki kichwani mwa fundi.

La tatu ni kutenganisha. Ruta nyingi huweza kutoa mtandao wa pili kwa ajili ya wageni. Weka kisanduku, kamera na balbu huko, na uache simu unayotumia kutuma pesa na kompyuta ya kazi kwenye mtandao mkuu. Kifaa kimoja kikiharibika, hakitakuwa chumba kimoja na pesa zako. La nne ni kuruhusu masasisho, hata kama yanakula bando kidogo, na kuistaafisha ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuihudumia.

La tano linahusu ununuzi. FBI ilitaja dalili ambazo mnunuzi wa kwetu pia anaweza kuziona: kisanduku kisicho na jina linalofahamika, kinachotangazwa kwamba hufungua vipindi vya kulipia bila malipo, au kinachodai uzime kinga ya Google ndipo kifanye kazi. Ukiwa tayari unacho, chomoa waya wake kwa siku chache uone kama bando litadumu zaidi. Kipimo hicho si cha maabara, lakini hakina gharama.

Hatua hizi husaidia, ila haziondoi wajibu wa wenye mamlaka. Mama wa nyumbani hatarajiwi kupima unga wa ngano kwa sumu kabla ya kupika chapati. Kazi hiyo ni ya shirika la viwango, na akinunua unga dukani ana haki ya kudhani kwamba ilifanyika. Swali linalobaki mezani kwa mawaziri na mamlaka za mawasiliano za Jumuiya ni iwapo watampa mnunuzi wa kisanduku haki hiyo hiyo kabla ya Desemba 2027, au wataendelea kumwachia yeye na fundi wake kazi ya kulinda mtandao wa nchi nzima.